Kanisa lataka niongeze akiba yangu tununue besi moja. Nikubali?

Salamu nyingi Mwalimu,

Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Nyalenda, Kisumu. Siku za kazi nashona nguo. Jumapili napiga besi kanisani kwetu, na Jumamosi, tukiitwa, napiga na bendi ndogo ya benga kwenye harusi na sherehe za upande wa Ahero na Maseno. Pasta anajua kwamba nashona. Habari za Jumamosi sina hakika kama zimemfikia.

Besi yangu ni ya nyuzi nne, nyeusi, jina la kichwani lilifutika kabla haijafika mikononi mwangu. Siku hizi inanitesa. Nyuzi ziko juu sana katikati ya shingo, nikimaliza nyimbo mbili vidole vinawaka. Nikipanda kupita freti ya saba, yaani chuma cha saba cha kukingama shingoni, nyuzi zinagonga vyuma na kulia zzz. Nikifika freti ya 12 mpiga kinanda ananigeukia kwa jicho baya, maana hatulingani tena. Uzi mnene unasikika boo tu, huwezi kujua ni noti gani. Kitufe cha volyumu kinakwaruza kila nikikigusa. Halafu kanisani kuna mvumo ambao unazidi nikiondoa mkono kwenye nyuzi.

Nimeweka akiba ya shilingi 45,000 kupitia chama chetu. Wakati huohuo kamati ya kanisa imepitisha 90,000 za kununua besi. Mweka hazina ameniita kando akasema, "Ongeza zako, zifike 135,000, tuagize Nairobi besi ya maana ya nyuzi tano, ile ya betri. Itakaa kanisani lakini utaitumia utakavyo." Moyo ulitaka kukubali hapo hapo.

Mzee wetu wa gitaa la solo naye anasema niachane na kanisa. Kuna mtu Nakuru, Section 58, anauza besi ya Fender "ya Marekani kabisa" kwa 40,000, ila anataka nitume 10,000 kwa M-Pesa asiiuze kwa mwingine. Kaka yangu anasema nisinunue chochote, nibadilishe pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, za hii niliyo nayo na itakuwa mpya.

Na kuna mpwa wangu huko Luanda, Vihiga, amemaliza kidato cha nne na anataka kuanza kupiga besi. Ana 15,000 alizochangiwa na wajomba. Ananiuliza mimi, nami nakuuliza wewe.

Mpiga Besi, Nyalenda

*

Dada Mpiga Besi,

Usiongeze hata shilingi moja. Mweka hazina wako huenda ana nia safi kabisa, lakini hebu soma tena maneno yake: itakaa kanisani, utaitumia utakavyo. Haya mawili hayakai nyumba moja. Siku pasta atakapopata habari kwamba besi ya madhabahuni ilionekana Ahero saa tano usiku ikipiga benga, kamati itakaa, na katika kikao hicho hakuna atakayekumbuka kwamba theluthi yake ilikuwa jasho lako la cherehani. Na ukihamia Nakuru au ukiolewa Busia, utabeba theluthi gani? Shingo? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata daftari lenyewe halijafunguliwa. Mwambie mweka hazina, kwa heshima, kwamba fedha za chama zina kazi yake, na kwamba utafurahi kuisaidia kamati kuchagua. Utaalamu wako ni mchango tosha.

Zaidi ya hapo, dada, sidhani kama una shida ya besi. Rudi kwenye malalamiko yako uyasome kama fundi. Nyuzi ziko juu katikati ya shingo, zinagonga ukipanda kupita freti ya saba, na noti za freti ya 12 haziko mahali pake. Dalili hizo tatu ni za ugonjwa mmoja: shingo imevutwa na nyuzi ikapinda kuelekea mbele. Shingo ya besi hubeba mvuto mkubwa kuliko ya gitaa la kawaida, na ndani yake kuna fimbo ya chuma iliyowekwa makusudi ipingane na mvuto huo. Mwisho wa fimbo hiyo una nati, kwa kawaida kule kichwani chini ya kifuniko kidogo, au upande wa pili shingo inapoungana na mwili. Ikikazwa, shingo hunyooka.

Jipimie mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Keti, besi iwe mapajani kama unavyoipiga, nyuzi zikiwa zimetuniwa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa kiwiko au kidole cha mkono wa kulia ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula yako. Tazama freti ya saba au ya nane: kati ya chuma na uzi panatakiwa nafasi ndogo tu, kiasi cha kupitisha kadi ya biashara, karibu milimita 0.3. Kwa jinsi unavyoeleza, nadhani kwako zitapita kadi kadhaa zikiwa zimebebana.

Kazi ya kurekebisha hayo huitwa kuseti, na ina mpangilio. Kwanza nyuzi mpya, kwa sababu kila kipimo hutegemea unene na mvuto wa nyuzi utakazotumia. Kisha fimbo ya shingo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, unatuni tena, unaangalia, unaipa muda. Fundi akishika spana ya aleni na kuanza kuminya kwa nguvu huku akiguna, mnyang'anye. Nati hiyo ikikatika, besi ya bei yako imekwisha. Baada ya shingo kunyooka ndipo unashusha nyuzi kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kwa skrubu ndogo za vile vipande vinavyobeba kila uzi. Pima juu ya freti ya 12: milimita mbili hadi mbili na nusu, uzi mnene ukiwa juu kidogo kuliko mwembamba, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukipiga kwa nguvu, ongeza kidogo. Mwisho kabisa ni kumridhisha mpiga kinanda. Piga uzi ukiwa wazi, programu ya kutuni ya simu ikuonyeshe umekaa sawa, kisha bonyeza freti ya 12 upige tena. Noti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, rudisha kipande cha daraja nyuma ili uzi uwe mrefu. Ikiwa chini, kisogeze mbele kuelekea shingoni. Lakini jua kwamba sehemu ya shida hii itaondoka yenyewe nyuzi zikishuka, kwa sababu uzi ulio juu sana huvutika unapoubonyeza na noti hupanda.

Usishangae ukirudia kazi hii. Kisumu ni jiji la ziwa, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu, na mbao hunywa na kutoa unyevu mwaka mzima. Besi iliyosetiwa vizuri Januari inaweza kuhitaji robo mzunguko mwingine mvua za Aprili zikikolea. Ndiyo maana nataka ujifunze kufanya hivi mwenyewe. Mtu anayeseti cherehani hashindwi na daraja la besi.

Uzi mnene usioeleweka noti umekufa. Jasho, ngozi na vumbi vimejaa katikati ya mizunguko yake, na ukigonga hautetemeki tena inavyopaswa. Nunua seti kamili. Unene wa 45 hadi 105 ndio wa kawaida kwa besi ya nyuzi nne na mafundi wengi wameuzoea. Kuna wapiga besi wanaochemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria dakika kumi, wakazikausha vizuri, zikang'aa tena. Njia hiyo inafanya kazi, ila ung'avu wa sauti haudumu, na sufuria hiyo usiirudishie mboga. Kwa harusi ya Jumamosi chemsha, lakini kwa kuseti nunua mpya.

Kukwaruza kwa volyumu ni uchafu ndani ya poti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe. Fundi yeyote wa redio anayo dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi. Apulize kidogo kupitia nafasi iliyo kwenye poti, ukizungushe kitufe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Kisipopona, abadilishe poti yenyewe: kwa besi isiyo na betri, iliyozoeleka ni ya kiloomu 250. Kazi ndogo ya kulehemu waya tatu.

Mvumo nao una mambo mawili, na moja linaweza kuua, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole. Nyuzi za besi zimeunganishwa na waya wa ardhi kupitia daraja. Ukizishika, mwili wako unaunganishwa humo na kelele hupungua, ukiachia, hurudi. Hiyo ni hali ya kawaida ya besi nyingi za bei nafuu ambazo hazikuvikwa kinga ndani. Dawa yake ni utepe wa shaba wa kubandika kwenye mashimo ya pikapu na vitufe, vipande vyote vikigusana, na vyote vikiungwa na waya wa ardhi. Lakini jiulize pia: je, ukiwa umeshika nyuzi midomo ikagusa maikrofoni, huwa unahisi kuchomwa? Kama jibu ni ndiyo, usiguse tena chombo hicho mpaka fundi wa umeme apime soketi za kanisa. Nimeona makanisa mengi ambako plagi ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kifuniko cha kalamu, au pini kubwa imeng'olewa "ili mvumo uishe". Pini hiyo kubwa ndiyo ardhi. Mvumo ukiisha kwa njia hiyo, umeme ukivuja ndani ya ampu (kikuza sauti) utatafuta njia nyingine ya kwenda chini, na njia hiyo ni wewe uliyeshika nyuzi. Kamati ikiwa na 90,000, shilingi za kwanza ziende hapo kabla ya besi yoyote.

Sasa kaka yako. Pikapu nzuri ni kitu kitamu, sikatai, na siku moja utazitaka. Lakini pikapu kazi yake ni kunasa mtetemo wa uzi na kuugeuza umeme, basi. Uzi uliokufa kwenye shingo iliyopinda ukinaswa kwa uaminifu zaidi, utasikika vibaya kwa uaminifu zaidi. Kubadilisha pikapu kabla ya kuseti ni kumshonea mgonjwa suti. Halafu kuna jambo la vipimo: pikapu za mtindo wa Precision na Jazz, besi mbili maarufu za Fender, hupatikana kwa wingi kwa sababu watengenezaji wengi hufuata umbo lao, lakini zile za mstatili zinazofunikwa plastiki nyeusi zina saizi chungu nzima, na unaweza kununua ambazo haziingii shimoni. Apime kwanza.

Kuhusu Nakuru nitakuwa mkali. Usitume 10,000. Usitume hata mia tano. Fender Precision mpya iliyotengenezwa Marekani huuzwa dola 1,500 na zaidi huko huko kwao. Mtu anayejua alicho nacho haiachi kwa 40,000 huku akikimbizana na amana ya M-Pesa. Yapo mambo matatu yanayowezekana. Labda si Fender, ni Squier au besi nyingine iliyobandikwa jina. Labda ni ya wizi, na vyombo vya makanisa na mashule huibwa sana. Au ni halali kweli na mwenyewe ana shida ya haraka ya pesa, jambo ambalo hutokea, na katika hali hiyo atakubali uende na matatu kupitia Kericho ukaione kabla ya kulipa.

Ukienda, nenda na waya wako, simu yenye programu ya kutuni, na rula. Namba ya Fender za Mexico huanza kwa MN, MZ au MX, kutegemea muongo. Anayesema "ya Marekani kabisa" huku namba inaanza na MX amekwisha kujijibu. Ila namba inaweza kunakiliwa, kwa hiyo usiiabudu. Pima kutoka kizingiti cha juu, pale nyuzi zinapoondoka kichwani, hadi freti ya 12: sentimita 43 na kidogo, kwa maana urefu mzima wa uzi unaopigwa ni inchi 34. Shika besi kwa upande wa mwili, uiangalie shingo kwa jicho moja kama seremala anavyoangalia ubao. Piga kila freti ya kila uzi, pole pole, bila ampu, usikilize inayogonga. Kwenye besi za mtindo wa Fender sikiliza hasa uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba, maana hapo mara nyingi kuna noti inayozimika haraka kuliko jirani zake. Kidogo si kasoro, ikizimika papo hapo ni kasoro. Kisha chomeka, zungusha kila kitufe, tikisa waya kwenye tundu lake. Mwombe risiti au mtu anayemjua. Ukigundua ni Squier, usiondoke kwa hasira. Squier ni jina la Fender lenyewe kwa vyombo vya bei nafuu, na iliyo nzima ni besi ya kazi. Mlipe bei ya Squier. Ukiirudisha Kisumu, iache ikae siku kadhaa kabla ya kugusa fimbo ya shingo. Nakuru iko juu zaidi kwa mita mia saba hivi, na mbao zitataka kuzoea hewa ya ziwa.

Lakini kwa maoni yangu usiende bado. Katika 45,000 zako, tenga zisizovuka elfu kumi kwa nyuzi, kuseti, dawa ya poti na utepe wa shaba. Kisha nunua waya mzuri na kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya besi na mixa. Bendi yako hupiga kwa vyombo vya kukodi, sivyo? Waya wa gitaa ukizidi mita sita hivi huanza kuchukua kelele na kupoteza ung'avu. DI hugeuza sauti yako iwe ya aina inayosafiri mbali bila shida, kwa waya ule ule wa maikrofoni, na fundi mitambo wa harusi ataacha kukulaumu. Kinakaa kwenye mkoba na ni chako peke yako. Utakachobaki nacho kiendelee kulala kwenye chama. Piga miezi michache. Kama bado unatamani besi nyingine baada ya hapo, utakuwa unajua ni kitu gani hasa unachokosa, iwe shingo nyembamba, uzito mdogo, au sauti ya aina fulani, na utanunua kwa sababu hiyo.

Usidharau ya zamani rahisi. Besi ya Precision ilipoingia sokoni mwaka 1951 ilikuwa na pikapu moja, volyumu na toni. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alifanya kazi yake kubwa kwa Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, ambazo alizibadilisha kwa nadra sana. Benga nayo haikuombi ung'avu. Sikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz: besi inaruka, noti fupi fupi, inazungumza na solo badala ya kulala chini yake. Ukitaka ufupi huo, kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa nyuzi zote nne na unene wa kidole, ukisukume chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kiziguse kwa wepesi tu. Besi za zamani zilitoka kiwandani na kitu kama hicho chini ya kifuniko cha daraja. Jumapili unakitoa. Huu ndio uboreshaji wa bei ndogo kuliko yote ninayoyajua, na mzee wa solo ataufurahia kabla hujamwambia umefanya nini.

Haya, kamati na 90,000 zake. Wataka nyuzi tano kwa sababu wameona kwenye video. Waulize maswali mawili. La kwanza: kwaya huimba kwa funguo gani? Kama ni C, D na E bemoli kila Jumapili, uzi wa tano una maana, kwa sababu utapata noti za chini bila kurukaruka. Kama nyimbo nyingi ni za G na A, uzi huo utakuwa mahali pa kupumzishia kidole gumba. La pili: spika zitautoa? Uzi wa E hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ule wa B mara 31. Spika nyingi za plastiki za inchi 12 au 15 huanza kuchoka kabla hazijafika 41, na huko kwenye 31 ni vumbi la spika tu linalosogea. Tena besi za bei nafuu za nyuzi tano mara nyingi huwa na uzi wa B uliolegea, hausikiki kama noti. Kwa siku mbili tatu za mwaka unazohitaji D ya chini, shusha uzi wa E mpaka D. Ni mzunguko mdogo wa ufunguo.

Ningewashauri wasitumie zaidi ya nusu ya fedha kwa besi yenyewe. Yamaha ya nyuzi nne ya ngazi ya chini au ya kati, au Squier, au Ibanez, iliyosetiwa, yatosha kabisa kwa ibada. Nusu nyingine iende kwa ampu ya besi yenye tundu la DI. Kwenye jukwaa lenye ngoma, wati 15 za chumbani hazisikiki. Anzieni mia moja. Na msichomeke besi kwenye ampu ya gitaa la solo au kwenye sabufa ya nyumbani mkaifungulia. Spika hazikuundwa kwa kazi hiyo, zinaweza kupasuka. Ongezeni mkoba mnene, stendi, na seti moja ya nyuzi kwenye kabati. Wakishikilia besi ya betri, sawa, nazo ni nzuri, ila andikeni ukutani: waya uchomolewe kila baada ya ibada. Kwenye besi nyingi za aina hiyo, waya ukiwa ndani betri inafanya kazi, hata kama besi imelala. Ile betri ya mstatili ya volti 9 itaisha mapema bila mtu kujua, nanyi mtagundua Jumapili katikati ya sifa, sauti ikianza kukatika na kuchafuka. Na kwa sababu ni mali ya kanisa, iandikwe kwenye orodha ya mali, na mjue nani anashika ufunguo wa kabati. Jumamosi wewe ubebe ya kwako. Hata pasta akipata habari, hutakuwa umechukua cha madhabahu.

Mpwa wako wa Luanda asikimbilie kipya. Kwa 15,000 vyombo vipya vya besi utakavyoonyeshwa mara nyingi vina freti zenye ncha kali zinazochana kidole, na funguo zisizoshikilia tuni mpaka mwisho wa wimbo. Atafute ya mkononi, rangi yoyote, jina lolote, mradi shingo imenyooka na fimbo yake inazunguka. Alipe elfu kumi, kumi na moja, abaki na za nyuzi na waya. Wewe ndiye umpeleke kuikagua, sasa unajua pa kutazama. Kama mikono yake ni midogo, zipo besi fupi za inchi 30, na si za watoto tu. Ampu asinunue kwanza; kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye besi ili asikilize kwa visikizi vya masikioni kitamtosha, na majirani watakushukuru wewe. Na iwapo hakuna kinachopatikana kwa sasa, aazime gitaa la kawaida lisilo la umeme: nyuzi zake nne za juu, zile nene, ni E, A, D, G vilevile, oktavu moja juu. Afanye mazoezi ya noti na mapigo humo. Besi nzima ikitokea Kakamega au Kibuye mwezi wa tatu, vidole vyake vitakuwa vimekwisha jua njia, na 15,000 zitakuwa bado ziko mfukoni.